Nakala za Kicheko na Walinzi Wake

Mwaka 1998, katika mji wa Nanaimo ulio kwenye pwani ya magharibi ya Kanada, mwanafunzi wa sanaa aliyeitwa Deidre LaCarte alishindana na dada yake na rafiki yake, kila mmoja akitaka tovuti yake ijiwe na wageni wengi kuliko za wenziwe. Na kwa kuwa alikuwa akifuga hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, alitunga ukurasa kwa heshima ya mnyama huyo, akachukua picha nne ndogo za wanyama wa namna ile wakicheza, akazirudia safu juu ya safu hata zikajaza kioo chote, kisha akaambatisha kipande cha wimbo kutoka filamu ya Robin Hood iliyotolewa na Disney mwaka 1973, kikiwa kimeharakishwa hata sauti ya mwimbaji ikawa nyembamba kama ya mtoto mchanga. Ukurasa huo uliitwa Hampster Dance, na tahajia yake ilikuwa na kosa ambalo hakuna aliyelijali. Kwa miezi kadhaa hawakuja ila wageni wachache. Mapema mwaka 1999 watu wakaanza kupelekeana anwani yake kwa barua pepe, ndugu kwa ndugu na karani kwa karani, na baada ya muda mfupi ukurasa usio na habari, usio na bidhaa wala mafunzo, ukawa umetazamwa na mamilioni ya walimwengu.

Waliocheka siku zile walikuwa vijana. Leo wengi wao wana watoto wa umri ule ule, na wanapokutana hukumbushana hamsta wale kwa shauku ambayo watu wa makamo wa zama zote wamekuwa nayo kwa mambo ya ujana wao. Yuko awezaye kuidharau shauku hiyo kwa sababu ya udogo wa kitu inachokielekea. Lakini ukiwasikiliza kwa makini utaona kwamba mnyama mwenyewe hawamtaji sana. Watakutajia mlio wa modemu ilipokuwa ikihangaika katika waya wa simu, na picha iliyokuwa ikishuka mstari kwa mstari hata mtu akawahi kwenda kutia chai na kurudi, na juu ya yote watataja jina la aliyewaletea kichekesho, kwa maana siku hizo hakikuletwa na mashine iliyokwisha kujifunza tabia zao, kililetwa na shemeji, au mwalimu, au mwenzao wa meza ya pili. Katika miji yetu jambo hili lina kumbukumbu zake. Katika Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi za mwanzo wa karne hii, intaneti ilikuwa mahali pa kwendwa: chumba chenye kompyuta zilizopangwa ukutani, feni moja, na kijana mlangoni aliyehesabu dakika, na kwa kuwa mpaka nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani yetu mwaka 2009 mawasiliano yetu na ulimwengu yalipitia kwenye satelaiti kwa gharama kubwa, kumngoja hamsta acheze kulikuwa ni kutoa fedha mfukoni, na aliyezitoa hakumsahau.

Kabla ya hamsta alikuwako mtoto. Mwaka 1996, Kinetix, iliyokuwa idara ya kampuni ya Autodesk ya Marekani, iliuza programu ya kuchezesha viungo vya miili iliyochorwa kwa kompyuta, na pamoja na programu hiyo ikatoa mafaili ya mfano, moja likiwa la mtoto mchanga aliyevaa nepi akicheza cha-cha kwa ustadi wa mtu mzima. Ron Lussier, aliyekuwa mfanyakazi wa LucasArts, alilitengeneza faili hilo kidogo akawapelekea wenziwe kwa barua pepe, na wenziwe wakawapelekea wenzao. Wengine wakaligeuza likawa jepesi zaidi ili lipite katika waya mwembamba. Na kufikia mwaka 1998 mtoto yule alikuwa amekwisha kuingia katika mchezo wa televisheni wa Ally McBeal, akimchezea wakili mwanamke katika njozi zake. Hakuna aliyekusudia hayo. Waliomchora walitaka kuonyesha uwezo wa chombo chao, na huyo aliyemtuma alitaka kuwachekesha watu wachache wa kazini.

Chombo kilichoyawezesha yote haya ni picha za namna ya GIF, ambazo Steve Wilhite na wenziwe wa kampuni ya CompuServe walizitoa mwaka 1987, wakati ambapo kompyuta nyingi zilikuwa na kumbukumbu haba na laini za simu zilikuwa za kusuasua. Picha ya GIF haiwezi kuchukua zaidi ya rangi 256 kwa mara moja, na ufukara huo ndio uliokuwa baraka yake, kwa maana faili lilikuwa dogo, likaweza kubeba picha kadhaa zinazofuatana, na kivinjari kikazionyesha tena na tena bila kikomo. Ndiyo sababu vichekesho vya zama zile vyote vina tabia ya kurudia: mtoto hamalizi ngoma yake, hamsta hawachoki. Ama jina la meme, ambalo leo hutumiwa kwa vichekesho hivi, lilitungwa na mwanabiolojia wa Uingereza Richard Dawkins mwaka 1976, na yeye alikusudia jambo pana zaidi, yaani kila wazo au desturi inayohama kutoka kichwa hata kichwa kwa njia ya kuigwa. Tuliache hilo kwa wanafalsafa.

Ukurasa wa hamsta ulikuwa umejengwa katika GeoCities, na mintarafu ya GeoCities yafaa tukae kidogo, maana ndiko walikoishi wengi wa watu hawa. David Bohnett na John Rezner waliianzisha huko California mwaka 1994, wakawa wakigawa bure nafasi za kuweka kurasa, na wakaipanga kama mji ulio na mitaa na namba za nyumba: wapenzi wa sinema walipewa kiwanja Hollywood, wenye kupenda falsafa na elimu Athens, wazungumzao habari za viumbe wa anga Area51, na wenye kurasa za familia na wanyama wao Heartland. Wageni hawa wa ulimwengu mpya walipamba nyumba zao kwa namna ambayo mafundi wa leo huiona kuwa ni ushamba: ndimi za moto zinazowaka pembeni, nyota zinazometameta juu ya weusi, alama ya fundi mwenye sepetu kuonyesha kwamba ukurasa haujakwisha, na tarakimu za kuhesabu wageni. Mimi sioni ushamba. Naona watu ambao hawakuwa wamewahi kupewa ukuta wa kuandika, na siku walipopewa wakaujaza wote.

Mwaka 1999 kampuni ya Yahoo iliinunua GeoCities kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.5, na miaka 10 baadaye, ilipokwisha kuona kwamba mji ule hauleti faida, ikatangaza kuubomoa. Tarehe 26 Oktoba 2009 seva zilizimwa. Kurasa za watumiaji zilizojengwa humo tangu mwanzo zilikuwa zikihesabiwa kwa makumi ya mamilioni, na baadhi ya waliozijenga walikuwa wamekwisha kufariki, wengine wamesahau maneno yao ya siri, na wengine hawakupata habari yoyote mpaka walipotafuta picha ya marehemu mzazi wao wakakuta hapana kitu.

Waliokwenda kuokoa hawakuwa maktaba ya taifa lolote. Jason Scott, Mmarekani aliyekuwa na mazoea ya kukusanya maandishi ya kompyuta za kale, alikuwa amekasirishwa mwaka 2008 na kufungwa kwa AOL Hometown, mahali pengine pa kurasa za watu wa kawaida palipovunjwa baada ya notisi fupi, naye mwaka 2009 akakusanya watu wa kujitolea wakajiita Archive Team. Na katika miezi iliyosalia kabla ya siku ya hukumu wakaelekeza mashine zao GeoCities, wakanakili usiku na mchana kila ukurasa walioweza kuufikia. Mwaka 2010 wakaitoa nakala hiyo kwa walimwengu wote, furushi la zaidi ya gigabaiti 600, aliyetaka achukue. Shirika la Internet Archive la San Francisco nalo lilichukua sehemu yake. Huko Stuttgart, msanii Olia Lialina, ambaye hufundisha katika Merz Akademie, pamoja na Dragan Espenschied, walipakua mzigo huo wote wakaanza kuzitazama kurasa moja baada ya moja kama wachimbaji wa magofu, wakizifungua kwa kivinjari cha zama zile na katika kioo cha kipimo cha zama zile, kwa hoja ya kwamba ukurasa wa 1997 ukifunguliwa katika kompyuta ya leo hauwi ukurasa ule. Na mwaka 2016, Internet Archive ilipotimiza miaka 20, ikachambua kutoka katika mabaki hayo picha za GIF zaidi ya milioni 4, ikazifanyia njia ya kutafutwa kwa neno, hata leo mtu aweza kuandika jina la mnyama akatokewa na kundi zima la wanyama waliochezeshwa na mikono isiyojulikana.

Hapa pana jambo ambalo ndilo lililonishawishi kushika kalamu. Kitu kilichonakiliwa na watu wengi huonekana kuwa kimesalimika, na kumbe wingi huo wa nakala ndio unaowaghafilisha watu, kila mmoja akidhani kwamba mwenziwe anayo. Tarehe 19 Septemba 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Scott Fahlman aliwashauri wenziwe kwamba anayeandika utani katika ubao wao wa kompyuta aweke alama ya nukta pacha, kistari na mabano, mfano wa uso unaocheka uliolala ubavuni, ili asije mtu akauchukua utani kwa ukweli, maana siku chache nyuma mzaha mmoja juu ya zebaki iliyodaiwa kumwagika katika lifti ulikuwa umewapotosha baadhi yao. Alama hiyo ilienea duniani kote na watu wasio na idadi wakaiandika kila siku. Walakini ujumbe wenyewe ulioianzisha haukuwako popote. Fahlman hakuuhifadhi, akiona ni mchezo. Ilipofika mwaka 2002 ndipo mafundi, akiwamo Jeff Baird, walipozitafuta kanda za sumaku za miaka 20 nyuma, wakatafuta na mashine yenye uwezo wa kuzisoma, wakaupata ujumbe ule wa mistari michache ukiwa baina ya mazungumzo mengine ya siku ile. Uliponea kwa desturi ya ofisi tu: palikuwa na kanuni kwamba kompyuta inakiliwe kwenye kanda, na kanda hazikutupwa.

Habari ya Henry Spencer ni ya namna hiyo hiyo, ila kubwa zaidi. Alikuwa akishughulika na kompyuta za idara ya elimu ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Toronto, na tangu mwaka 1981 hata 1991 aliyaweka katika kanda 141 mazungumzo ya Usenet, mtandao wa mijadala uliotangulia tovuti, ambao takriban kila chuo kingine kilikuwa kikiufuta kila baada ya siku chache kwa uhaba wa nafasi. Kanda zikakaa miaka mingi. Hatimaye watu wakazisoma moja moja, na ujumbe zaidi ya milioni 2 ukaingia mwaka 2001 katika hazina ya Google. Humo mna mizaha ya kwanza ya watu wa kompyuta, mabishano yao, matusi yao, na misemo ambayo wajukuu wao huitumia pasipo kujua ilikotoka. Lau idara ile ingalikuwa na fedha chache zaidi za kununulia makabati, au karani mwenye kupenda usafi zaidi, pasingebaki kitu.

Nasi katika pwani yetu tunayo hadithi ya maandishi ya kunakiliwa, na nitaieleza, si kwa kulinganisha wasia wa dini na ngoma ya hamsta, hasha, bali kwa kuwa inaonyesha mlinzi wa aina nyingine. Katikati ya mwaka 1908 ulienea katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na hasa ukajulikana Lindi, waraka uliodaiwa kutoka kwa Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume huko Madina, aliyesema kwamba ameoteshwa ndoto yenye maonyo juu ya maovu ya watu na kukaribia kwa Kiyama. Na aliyeupokea aliamriwa aunakili na kuupeleka mbele, kwa ahadi ya thawabu kwa atakayetii na vitisho kwa atakayeuzuia. Haukuwa mgeni duniani. Mwanachuoni wa Kiholanzi Snouck Hurgronje alikuwa amekwisha kuandika juu ya waraka wa Sheikh huyo mwaka 1884, akiuona unavyopita katika visiwa vya mashariki ya mbali, na maulamaa wengi waliukanusha zamani hizo na baadaye. Lakini maofisa wa Kijerumani, ambao moto wa vita vya Maji Maji ulikuwa umezimwa mbele yao mwaka 1907 tu, waliona katika karatasi ile dalili ya uasi. Wakafanya upelelezi, wakazikamata nakala, wakawahoji waliokutwa nazo, wakafasiri, wakatia katika majalada. Mwaka 1911 mtaalamu Carl Heinrich Becker akauchambua katika uchunguzi wake juu ya Uislamu wa nchi hizi. Nyaraka za Kijerumani zilizosalia Dar es Salaam ziliingizwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha ya kumbukumbu za ulimwengu.

Basi fikiri: maelfu ya mikono iliunakili waraka ule kwa imani, na karatasi za mikono hiyo aghalabu zimeliwa na mchwa na unyevu; aliyetuhifadhia habari zake ni adui, kwa khofu yake. Kule Toronto ilikuwa mazoea, katika Archive Team ilikuwa mapenzi yaliyochanganyika na hasira, Lindi ilikuwa khofu. Mwenye mali, yaani aliyemiliki seva na kupata faida kwa vicheko vya watu, hatumwoni katika orodha hii, na nadhani hatumwoni kwa sababu mizani yake haina sahani ya kupimia kitu kilichokwisha kuuzwa. Simlaumu sana. Mfanyabiashara hakuahidi kuwa mtunza hazina, ni sisi tuliomdhania hivyo.

Lipo tena balaa ambalo hata nakala kamili haiwezi kulikinga. Baada ya picha za GIF vijana waliingia katika Flash, chombo cha kuchora na kuchezesha kilichouzwa na Macromedia na kisha Adobe, ambacho kilimwezesha mtu mmoja chumbani mwake kutengeneza kikaragosi chenye sauti, kama kile cha Jonti Picking wa Uingereza cha mwaka 2003, ambamo wanyama waitwao baja huchuchumaa na kuinuka kwa mahadhi yasiyokwisha mpaka uyoga na nyoka wawakatize. Mnamo Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple alitangaza hadharani kwamba simu zake hazitaipokea Flash. Na tarehe 31 Desemba 2020 Adobe ikaacha kuitunza, na siku chache baadaye programu yao ikaanza kukataa kufungua michoro. Mafaili yalikuwapo, mazima, wala herufi haikupungua, na hayakuweza kuchezwa. Wasioajiriwa wakafanya kazi tena: wengine wakaunda Ruffle, programu inayoiga mwenendo wa Flash ndani ya vivinjari vya sasa, na Internet Archive ikaitumia tangu Novemba 2020 kuviamsha vikaragosi vingi, wengine, wakiongozwa na kijana wa Australia aliyeanza mradi wa Flashpoint mwaka 2018, wakakusanya michezo na michoro makumi kwa maelfu pamoja na chombo cha kuichezea.

Serikali kubwa nazo ziliamka, ijapokuwa kwa mwendo wa wazee. Maktaba ya Bunge la Marekani ina kituo cha utamaduni wa watu, ambacho mikusanyo yake ya kale ni nyimbo za wakulima, mabaharia na wafungwa zilizorekodiwa mashambani. Na mwaka 2014 wataalamu wa kituo hicho walianza kukusanya tovuti za utani wa intaneti, na mwaka 2017 wakazifungulia umma, ikiwamo ile iliyofasiri Biblia kwa Kiingereza cha paka, na Know Your Meme, kamusi ya vichekesho iliyotokana na kipindi cha video cha Rocketboom cha New York. Wako waliocheka kwamba kodi zao zinahifadhi paka. Lakini ni akina nani waliodhani, mwaka 1930, kwamba wimbo wa mfungwa avunjaye mawe ni mali ya taifa?

Ile Know Your Meme naithamini kuliko mengi, kwa sababu haikuridhika na kuweka picha. Iliweka sharhi: nani alianza, lini, alikuwa akimjibu nani, na utani wenyewe u wapi. Kichekesho hufa mara mbili, na mauti ya pili ni pale kinapobaki mbele ya macho na hapana ajuaye kwa nini watu walicheka. Wahenga wetu walilijua hilo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga mashairi mafupi ya kujibizana juu ya mambo ya mjini, ya ugomvi wa Mazrui wa Mombasa na Sayyid Said wa Unguja, ya njaa, ya mapenzi na ya deni. Yakapita mdomo kwa mdomo, na baada ya miaka mingi Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika na kumpa W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza, pamoja na maelezo ya nani aliyesemwa na kwa sababu gani. William Hichens alichapisha diwani mwaka 1940. Pasipo maelezo ya Mwalimu Sikujua, beti nyingi zingekuwa leo ni fumbo lisilo na mfumbuaji, na kicheko cha watu wa Mombasa dhidi ya Unguja kingesomwa kana kwamba ni habari ya ndege na mashua.

Yaangalie hayo ukiyakumbuka ya Makmende. Mwezi wa Machi 2010 kundi la Just a Band la Nairobi lilitoa video ya wimbo wao wa Ha-He, yenye shujaa mwenye nywele za timutimu na kitambaa kichwani, awapigaye wahuni kwa mtindo wa filamu za miaka ya 1970. Na kwa siku chache Wakenya wakamfanya kuwa mtu asiyeshindwa na chochote, wakamtungia mizaha isiyo na hesabu, wakamchora katika majalada ya magazeti ya kubuni na katika noti za benki. Makala yake katika Wikipedia yalifutwa zaidi ya mara moja, kwa kuwa wasimamizi walioko mbali waliona hapana ushahidi kwamba mtu huyu ni mashuhuri. Nao Wakenya wakaandika tena, mpaka magazeti ya Marekani yalipomtaja ndipo akakubaliwa. Hukumu ile ilinikera wakati huo na inanikera hata sasa: mtu anayejulikana na mji mzima wa mamilioni alihitaji kuthibitishwa na mgeni. Lakini hata makala yale hayatoshi. Atakayeitazama video hiyo mwaka 2080 ataona mwanamume akipiga ngumi. Itampasa aambiwe kwamba Makmende lilikuwa jina la utani katika michezo ya watoto wa Nairobi wa miaka ya nyuma, kwamba mtoto aliyejifanya hodari aliulizwa kwa kejeli kama anajiona kuwa Makmende, na kwamba jina hilo lilitoka katika kitisho kilichosemwa na Clint Eastwood katika filamu ya 1983, likaingia masikioni mwa watoto wasiojua Kiingereza chema wakalitamka kama walivyoweza. Watu wanaoweza kuyaeleza haya wako hai, wengi wao hawajafika miaka 60, na sijui kama kuna aliyewakalisha chini akawaandika.

Vichekesho vilivyokuja baada ya Makmende viko katika hatari zaidi, kwa kuwa havikai katika kurasa zilizo wazi. Sehemu kubwa ya utani wa Waswahili wa leo, picha zilizotiwa maneno, sauti za kuigiza, stika za nyuso za wanasiasa na za waigizaji wa Bongo Movie, hupita katika WhatsApp, kutoka kundi la ukoo hata kundi la msikiti au kanisa, na tangu Aprili 2016 ujumbe wa humo umefungwa kwa namna ambayo hapana awezaye kuusoma ila aliyeutuma na aliyeupokea. Sipingi kufuli hiyo. Siri za watu ni amana. Lakini mashine za San Francisco haziwezi kuingia humo, wala jasusi wa Kijerumani asingeweza, na wasia wa Sheikh Ahmad, ambao ungali ukizunguka katika simu zetu kwa lugha tatu au nne, hauachi tena jalada lolote nyuma yake. Mkusanyaji atakayetaka kicheko cha miaka hii itamlazimu afanye kama Mwalimu Sikujua: apite mtaa kwa mtaa, abishe hodi, aombe kwa idhini kuonyeshwa simu, aulize hiki alikuletea nani na ulichekea nini, na jibu aliandike pamoja na picha. Na afanye hima, maana simu huibwa na kutumbukia majini, na kumbukumbu yake ikijaa kitu cha kwanza ambacho mwenyewe hufuta ni picha za kuchekesha za mwaka jana.